Nataka kuyatoa, naogopa kitakachobaki

Shikamoo Mama Muuguzi,

Barua hii nimeianza mara tatu nikaifuta. Leo naimaliza.

Nina miaka 39, naishi Tanga, nina duka la nguo na vitenge. Mwaka 2013 nilikuwa nimeachika na watoto wawili, kila mmoja nilimnyonyesha miaka miwili, na matiti yangu yalikuwa yamebaki ngozi tu. Wakati ule nilikuwa nakwenda Istanbul kufuata mzigo. Mwenzangu mmoja wa safari akanikutanisha na dalali wa hospitali, na kabla ya siku yangu ya kurudi nikawa nimewekewa silikoni, mililita 325 kila upande, chini ya msuli, wamepasua pale chini kwenye mkunjo wa titi. Nilirudi nyumbani na mabegi yangu ya nguo na matiti saa sita. Aliyejua ni dada yangu peke yake. Sitadanganya, miaka ile nilifurahi. Nilivaa dira nikajiona mtu.

Tangu mwaka jana titi la kushoto limebadilika. Kwanza niliona sidiria inabana upande mmoja. Sasa limekuwa gumu kama embe bichi, limepanda juu kuliko la kulia, na nikilalia ubavu huo linauma hadi naamka. Nilipiga altrasaundi hapa Tanga, daktari akasema silikoni haijapasuka ila ganda lake limekaza, niende Dar kwa bingwa. Pamoja na hayo nachoka sana, viungo vya mikono vinauma asubuhi, nasahausahau. Shoga yangu aliyeko Muscat ananitumia video za wanawake wanaosema silikoni iliwaumiza mwili mzima, kwamba lazima itolewe na ganda lake zima bila kupasuliwa, la sivyo sumu inabaki ndani. Akaniambia pia ile habari ya Ufaransa ya silikoni za viwandani. Kadi yangu ninayo bado, imeandikwa kwamba za kwangu ni zile zenye uso wa kukwaruza, siyo laini.

Nilimwandikia yule dalali. Anasema nirudi Istanbul, siku 5 tu, watatoa, watainua matiti na kujaza mafuta ya mwili wangu, yote siku moja, nirudi saa sita kama zamani. Bingwa wa Dar yeye kasema tutoe kwanza, tungoje, halafu tuangalie. Nilitoka pale nalia, maana nilichokisikia ni kwamba nitatembea na magunia matupu.

Halafu kuna mume wangu. Tumeoana 2020. Hajui. Kovu nilimwambia la jipu. Ni mtu mwema, lakini nimeshamsikia akicheka na wenzake juu ya wanawake wenye matiti "ndala", na kila nikikumbuka natetemeka. Tunatafuta mtoto. Mama, nifanye nini? Nimsikilize nani?

Mwenye siri, Tanga

—

Marahaba mwanangu. Pole sana, na asante kwa kuimaliza barua.

Niseme kwanza nilivyo: nimefanya kazi wodi ya upasuaji miaka 27. Mimi si daktari wa kupasua, ni yule anayebaki na mgonjwa daktari akishaondoka. Nitakayokwambia ni ya kubeba kichwani uendapo kliniki, siyo ya kuchukua nafasi ya kliniki.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na naona umeyafunga mambo mawili kamba moja. La kwanza ni titi linalouma. La pili ni umbo litakalobaki. La kwanza ni tiba, na umelichelewesha vya kutosha. La pili linaweza kungoja mwaka mzima bila kukudhuru. Dalali anataka uyaamue yote kwa siku moja kwa sababu yeye anauza siku 5. Bingwa wa Dar hakukunyima kitu, amekwambia tu kwamba jibu la pili halijulikani mpaka la kwanza liishe. Alipaswa kukueleza taratibu zaidi, na hilo naona alikukosea. Ngoja nijaribu mimi.

Mwili ukiwekewa kitu kigeni chochote, hukizungushia ukuta wa kovu. Hilo ndilo ganda, na kila mwenye silikoni analo. Kwa wengi hubaki jembamba kama utando wa yai. Kwa wengine hukaza kama ngumi inayofumba, likaibana silikoni, titi likawa gumu, likapanda, likauma. Madaktari wana daraja nne za kulipima. La kwanza halijulikani hata kwa kugusa. La nne ni hilo ulilonieleza: gumu, limebadilika umbo, na lina maumivu. Daraja hilo haliishi kwa dawa ya kumeza wala kwa kukandwa. Tena usikubali mtu alikande kwa nguvu. Zamani kulikuwa na madaktari walioliminya kwa mikono mpaka ganda lipasuke, wakaacha, kwa sababu silikoni nayo ilipasuka. Nimeiona iliyopasuka ikitolewa kwenye kisahani cha chuma: inavutika kama ulimbo wa fenesi, inang'ang'ania glovu, na daktari anachukua muda mrefu kuifuta kila mahali. Ya kwako haijapasuka. Hiyo ni nafuu kubwa kwa atakayekupasua.

Nakwambia na hili ambalo hukuambiwa 2013: silikoni siyo kitu cha maisha. Mamlaka ya Marekani inayosimamia dawa na vifaa tiba, FDA, inasema wazi kwamba kadiri zinavyokaa ndivyo matatizo yanavyoongezeka, na inashauri mwenye silikoni apigwe altrasaundi au MRI (picha ya ndani ya mwili kwa sumaku) miaka 5 hadi 6 baada ya kuwekewa, kisha kila miaka 2 au 3, hata kama haumwi. Wewe ulikaa miaka yote hiyo hadi titi lilipokaza ndipo ukapimwa. Kosa si lako, hukuambiwa. Ila kama kuna msomaji mwingine mwenye siri kama yako na hajawahi kupimwa, naomba asome sentensi hiyo tena.

Sasa ya shoga yako. Habari ya Ufaransa ni ya kweli. Kampuni ya PIP ilijaza silikoni za viwandani zisizoruhusiwa kwa mwili wa binadamu, zikaondolewa sokoni Machi 2010, na mwenye kampuni alihukumiwa kifungo mwaka 2013. Zilikuwa zimeshaenea nchi nyingi. Za kwako ziliwekwa baada ya hapo, na kadi unayo, kwa hiyo daktari atasoma jina la mtengenezaji na namba yake badala ya kubahatisha.

Kukwaruza ni jambo jingine. Silikoni zenye uso wa namna hiyo zimehusishwa na saratani moja adimu ya mfumo wa kinga, ambayo huota kwenye ganda, siyo kwenye nyama ya titi. Julai 2019 aina mojawapo iliondolewa sokoni duniani kwa sababu hiyo. Usishtuke. Ni adimu, na mamlaka hazikusema kila mwenye nazo azitoe hata kama hana dalili. Dalili yake kubwa ni titi kuvimba ghafla na kujaa maji, mara nyingi miaka 7 hadi 10 baada ya upasuaji, au uvimbe wa kushikika. Altrasaundi yako haikutaja maji. Lakini kwa kuwa unakwenda kuzitoa, mwambie bingwa hivi: "Naomba ganda lipelekwe maabara, na yakionekana majimaji yoyote nayo yapelekwe." Omba ujibiwe kwa maandishi. Ni sentensi moja tu, lakini wagonjwa wengi huikumbuka wakiwa tayari kitandani baada ya nusu kaputi.

Kuhusu uchovu na viungo, sitakudharau. Wanawake wengi sana duniani wameeleza haya unayoeleza, na wengi wamepata nafuu baada ya kutoa. Wakati huohuo hakuna kipimo kinachoweza kuthibitisha kwamba silikoni ndiyo chanzo, na hakuna daktari mkweli atakayekuahidi kwamba utaamka mzima. Una miaka 39, unafanya kazi ya kusimama kutwa, umebeba siri nzito. Kabla ya kupasuliwa pima damu, tezi la shingo, sukari, na mwone daktari kuhusu hivyo viungo vya mikono. Nimeona mama aliyelaumu silikoni miaka miwili kumbe ana upungufu mkubwa wa damu. Toa silikoni kwa sababu titi linauma. Nafuu nyingine ikija, tutaishukuru.

Na ganda je, litoke zima? Huku ndiko video zinakowapoteza watu. Kutoa silikoni ikiwa imefungwa ndani ya ganda lake zima, pamoja na ukingo wa nyama kulizunguka, ni upasuaji wa saratani. Kwa saratani ile niliyoitaja, ni lazima. Kwa asiye na saratani, siyo lazima, na hakuna ushahidi kwamba wanaotolewa hivyo hupona uchovu kuliko wengine. Kwako wewe ganda la kushoto ni nene na gumu, daktari mzuri atalitoa kadiri linavyotoka salama. Lakini silikoni yako iko chini ya msuli, maana yake upande wa nyuma ganda limelala juu ya mbavu zenyewe, na chini ya mbavu kuna pafu. Kulikwangua lote kwa ushabiki kunaweza kutoboa utando wa pafu au kusababisha damu nyingi. Ukimsikia daktari anasema "pale litakapong'ang'ania mbavuni nitaliacha," usimwone mvivu. Huyo ndiye ningempa mwanangu.

Sasa tuje kwenye magunia.

Nakumbuka mama mmoja, mkubwa kwako kidogo, aliyetolewa silikoni kubwa kuliko zako. Siku ya pili alinitaka nimfungulie bendeji mbele ya kioo cha bafuni. Nilimkalisha kwanza kwenye kiti. Nikazungusha bendeji taratibu, nikaiacha ianguke mapajani mwake. Kifua kilikuwa bapa, juu kumebonyea, ngozi imekunjamana kama puto la sherehe ya jana, chuchu zimeangalia chini, michubuko ya njano chini ya makwapa. Hakulia. Aligusa upande mmoja kwa kidole, akaniuliza, "Hii ndiyo basi?" Nikamwambia hapana, hii ni siku ya pili.

Na ni kweli. Titi lililokaa juu ya silikoni miaka mingi limebanwa na kusukumwa. Ikitoka, msuli unarudi mahali pake, nyama inajitandaza upya, ngozi inajikunja. Wiki za kwanza ndizo mbaya kuliko zote. Ndani ya miezi 3 hadi 6 umbo hubadilika sana, na kwa wengine huendelea hadi mwaka. Halirudi lilivyokuwa na silikoni, nisikuongopee. Linarudi kuwa la kwako, kwa umri wako wa sasa. Yule mama alikuwa ameshapanga kuinuliwa mwezi wa nne. Ulipofika akaahirisha, kisha akaacha kabisa. Mwingine wa wadi ileile, mwenye ngozi iliyolegea zaidi, aliinuliwa baada ya miezi 8 na akafurahi. Wote wawili walifanya vizuri, kwa sababu waliamua wakiwa wanaangalia titi halisi.

Unaweza kujipima kidogo mwenyewe. Simama mbele ya kioo, shika nyama ya juu ya titi la kulia, lile laini, kati ya kidole gumba na cha shahada. Hicho unachokishika juu ya silikoni ndicho chako. Kikiwa kinene, una mtaji. Kikiwa ngozi tupu, jua kwamba ujazo utakuwa mdogo. Kisha angalia chuchu na ule mkunjo wa chini lilipo kovu lako. Silikoni ikishatoka, chuchu ikibaki juu ya mstari wa mkunjo, huenda usihitaji kuinuliwa. Ikishuka chini yake, kuinua ndiko kutakakosaidia, na mafuta peke yake hayataipandisha.

Kuinua ni kupunguza ngozi iliyozidi na kupandisha chuchu. Kovu huzunguka chuchu na kushuka chini, na wengine huongezwa jingine la mlalo kwenye mkunjo. Kuna madaktari wanaochukua nyama ya chini ya titi lako, wakaikunja na kuipandisha juu ndani kwa ndani, ijaze pale palipobonyea. Naipenda njia hiyo kwa mwenye nyama ya kutosha, kwa sababu haiingizi kitu kigeni. Hatari yake kubwa nawe uijue: chuchu inaishi kwa mishipa ya damu inayopita kwenye nyama, na nyama yako imekonda kwa kubanwa. Kutoa ganda gumu na kuinua kwa mkupuo mmoja ni kuikata mishipa hiyo pande nyingi. Wapo wanaofaa kufanyiwa yote siku moja, hilo si jambo la uhuni. Lakini hilo huamuliwa na anayekushika kwa mikono. Dalali wa kwenye simu hajakugusa. Na kama unavuta sigara au shisha, hata ya kwenye harusi, acha wiki 4 hadi 6 kabla na baada. Nimeona chuchu ikigeuka nyeusi kwa ajili ya shisha, na sitaki kuiona tena.

Kujaza mafuta: wanayanyonya tumboni au mapajani, wanayasafisha, wanayadunga kidogokidogo kwenye titi. Si yote yanayoshika. Sehemu hufa na kunyonywa na mwili, kwa hiyo wengi huhitaji kurudia. Yaliyoshika ni mafuta yako, ukinenepa yananenepa, ukikonda yanakonda. Yanafaa kuziba shimo la juu na kulainisha umbo, hayakupi mililita 325 kwa siku moja. Yanaweza pia kuacha vivimbe vidogo vya mafuta yaliyokufa, vinavyoonekana kwenye picha za titi na kukutia hofu bure. Ndiyo maana nataka upigwe picha za matiti kabla ya upasuaji wowote, ziwepo za kulinganisha baadaye. Na tafadhali, mafuta haya ni yale ya daktari tu. Sindano za kujaza na vijikopo vya krimu vinavyouzwa mitandaoni viache huko huko.

Unaweza pia kuweka silikoni ndogo zaidi. Wapo wanaochagua hivyo na siwalaumu, ila aliyekwisha kukazwa na ganda mara moja ana uwezekano mkubwa zaidi wa kukazwa tena. Na unaweza usifanye chochote, ukavaa sidiria yenye pedi nzuri. Wewe ni mwenye duka, utaipata ya saizi yako kwa urahisi kuliko mteja wako yeyote.

Kabla ya kukubali kovu lolote jipya, tazama kovu la chanjo begani na matundu ya masikioni. Yameinuka na kung'aa? Yanawasha? Sisi wenye ngozi nyeusi tuna makovu yanayoota kupita kidonda, na kifua ni mahali pabaya kwa hilo. Kovu lako la 2013 lenyewe likoje? Likiwa limelala na kufifia, hiyo ni dalili njema. Mwonyeshe daktari kabla hajachora.

Nimeliacha kubwa makusudi: mtoto. Una miaka 39 na mnatafuta. Mimba na kunyonyesha hubadilisha matiti upya, kwa hiyo ukiinuliwa mwaka huu kisha ukazaa, kuna hatari fedha yote ikashuka tena na titi. Kuinua pia kunaweza kukata njia za maziwa na hisia za chuchu, wengine hunyonyesha vizuri baadaye na wengine maziwa hayatoshi. Kutoa silikoni kupitia kovu lilelile la chini hakugusi sana njia za maziwa. Kwa hiyo ushauri wangu, nikiwa kama mama yako, ni huu: toa sasa, zote mbili, pale pale kwenye kovu la zamani. Pona. Mwulize daktari wako wa uzazi ni lini muanze tena kutafuta, na utumie kinga mpaka atakapowaruhusu. Mungu akijalia, zaa, nyonyesha, achisha, kaa kama miezi 6, ndipo usimame mbele ya kioo na kuamua kuhusu kuinua au mafuta. Titi linaweza kungoja. Umri wa kuzaa hauwezi.

Istanbul usirudi kwa hili. Uturuki ina madaktari hodari, sibishi. Lakini utapanda ndege zaidi ya saa sita ukiwa na kidonda kibichi, wakati ambapo damu huganda miguuni kirahisi, na ukivuja damu au usaha wiki ya pili utakuwa Tanga na aliyekupasua yuko kule. Hapa nyumbani wapo mabingwa wa upasuaji rekebishi, Muhimbili Mloganzila wanafanya huduma hizi, na jina la daktari yeyote unaweza kuulizia kwa Baraza la Madaktari Tanganyika. Muulize ameshatoa silikoni ngapi, siyo ameweka ngapi. Uliza bei aliyokutajia imejumuisha nini: nusu kaputi, kitanda, maabara ya ganda, na je, ukivuja damu usiku ukarudishwa thieta, nani analipa? Bima nyingi hazigusi urembo, lakini titi gumu lenye maumivu ni ugonjwa. Omba barua ya daktari inayosema hivyo, ujaribu.

Baada ya upasuaji huenda ukatoka na mpira mwembamba wenye kichupa kila upande, wa kutoa majimaji, kwa siku chache. Utaandika kila asubuhi kimejaa kiasi gani. Sidiria ya kubana isiyo na waya, usiku na mchana. Usinyanyue jora la kitambaa, ndoo wala mtoto wa mtu kwa wiki 4 hadi 6. Homa, upande mmoja kuvimba ghafla, usaha, mguu kuvimba, kifua kubana au kukosa pumzi: hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Kwa hiyo unaona kwamba kuficha hakutawezekana. Mume atauliza kwa nini jora analipandisha yeye. Kisheria sahihi inayohitajika ni yako, wewe ni mtu mzima, ndugu huandikwa ili apigiwe simu. Lakini mwambie kabla. Usianze na mwaka 2013 na Istanbul na aibu. Anza na maumivu: "Titi hili linaniuma, usiku silali. Ndani kuna silikoni niliyowekewa kabla hatujaoana, nilikuficha kwa aibu, na sasa daktari anasema itoke." Kisha nyamaza, umwachie nafasi. Atakasirika pengine, na ana haki ya kukasirikia lile jipu la uongo. Ukimya wa siku mbili tatu usiufanye talaka. Na ile "ndala" aliisema barazani, kati ya wanaume, bila kujua mkewe anasikia na kwa nini inamchoma. Mwambie pia hilo, ilivyokuuma. Akitaka, aje kliniki, daktari amweleze mwenyewe, kwa sababu wanaume wengi hutulia wakishikwa mkono na mtaalamu kuliko wakibishana chumbani. Akikutukana au kukutisha, hilo ni jambo jingine. Niandikie tena upesi, na mwende mkalale kwa dada yako wewe na watoto.

Kabla ya yote, leo usiku, ile kadi ipige picha pande zote mbili, mtumie dada yako nakala. Halafu mpigie bingwa wa Dar uombe siku nyingine, umwambie mara ya kwanza ulitoka ukilia na hukusikia nusu ya aliyoyasema. Mwende wawili, na mmoja aandike.